Montreal: Jiji Lililounganisha Msongo, Uzee na Maumivu

Mengi yanayofahamika leo kuhusu namna msongo na umri vinavyobadili ubongo, na namna ubongo uliobadilika unavyobadili maumivu, yalianzia au yalipitia katika jiji moja: Montreal, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Katika Chuo Kikuu cha McGill, kilichoanzishwa mwaka 1821 chini ya kilima cha Mont Royal, zilikaa jirani kwa jirani maabara ya kwanza ya msongo, hospitali ya upasuaji wa ubongo iliyosifika dunia nzima, na idara ya saikolojia iliyoshikilia kwamba akili ni kazi ya ubongo na kwamba ubongo huo hujengwa na maisha. Kwa miongo kadhaa kila kundi lilishika njia yake: wa tezi na tezi, wa kumbukumbu na kumbukumbu, wa maumivu na maumivu. Ilichukua karibu miaka sabini njia hizo tatu kukutana.

Dhana waliyoikuta wanasayansi hao ilikuwa kongwe. Katika kitabu cha René Descartes kilichochapishwa mwaka 1664, miaka 14 baada ya kifo chake, kuna mchoro wa mtu aliyeweka mguu karibu na moto. Moto unavuta uzi ulio ndani ya mwili, na uzi unafungua tundu ubongoni, kama kamba inavyoliza kengele. Kwa hesabu hiyo, ukubwa wa maumivu ni ukubwa wa jeraha, basi. Umri wa mwenye mguu, hofu yake, usiku aliokesha na msiba alionao nyumbani havina nafasi. Karne sita kabla ya hapo Ibn Sina alikuwa ametaja katika Qanuni yake aina 15 za maumivu, na kueleza kwamba kubadilika kwa hali ya mwili peke yake, bila jeraha, kwaweza kuuma. Lakini tiba ya Ulaya ya karne ya 19 ilifuata uzi na kengele, na madaktari wa mwanzo wa karne ya 20 waliurithi.

Hans Selye alizaliwa Vienna mwaka 1907, akasomea udaktari Prague, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akafika McGill kufanya kazi chini ya James Collip, mwanabiokemia aliyesafisha insulini mjini Toronto hata ikafaa kwa wagonjwa. Kazi aliyokabidhiwa haikuhusu msongo hata kidogo. Alikuwa akitafuta homoni mpya ya ovari, na kwa ajili hiyo aliwadunga panya maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye ovari. Alipowapasua alikuta mambo matatu. Tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, zilikuwa zimevimba. Tezi ya thaimasi, iliyo kifuani, pamoja na mitoki ilikuwa imesinyaa. Tumbo lilikuwa na vidonda vinavyovuja damu.

Selye aliamini kwamba homoni mpya imepatikana. Kisha akajaribu maji ya kondo la nyuma, akapata mambo yale yale matatu. Akajaribu ya figo, yakawa yale yale. Mwisho akadunga formalini, dawa kali ya kuhifadhia viungo vya maiti, na formalini ikawazidi wote. Homoni haikuwapo. Mtafiti mwingine angefunga daftari, ila Selye alikumbuka jambo lililomshangaza alipokuwa mwanafunzi Prague: wagonjwa wa maradhi tofauti kabisa walifanana kwa kukosa hamu ya kula, kulegea, kuumwa viungo na kukonda, na hakuna mwalimu aliyeona haja ya kulieleza hilo. Akarudi kwa panya wake. Aliwaweka kwenye baridi kali, akawachosha kwa mazoezi, akawajeruhi, akawapa sumu kidogo isiyoua. Mwili ulijibu kwa namna moja.

Tarehe 4 Julai 1936 jarida la Nature lilichapisha barua yake fupi. Neno msongo halikuwamo. Alikuja kulitumia baadaye. Kilichokuwamo ni hatua tatu za mwili uliobanwa: kushtuka, kustahimili, na kuishiwa nguvu. Hatua hiyo ya tatu Selye aliifananisha na uzee. Alidhani kila kiumbe huzaliwa na akiba ya nguvu ya kustahimili ambayo hutumika tu na haiongezeki, na kwamba kuzeeka ni kuimaliza akiba hiyo. Akiba ya namna hiyo haikuwahi kupatikana mwilini, na wazo lake limeachwa. Hata hivyo swali aliloliuliza, kama msongo huzeesha, ndilo lililobaki likiwasumbua waliomfuata.

Selye hakuwa wa kwanza kuzitazama tezi za adrenali. Walter Cannon wa Harvard alikuwa ameonyesha mwaka 1915 kwamba paka aliyebwekewa na mbwa humwaga adrenalini katika damu, na kwamba maumivu, njaa, hofu na hasira huamsha maandalizi yale yale ya kupigana au kukimbia. Adrenalini hufanya kazi kwa dakika. Selye alielekeza macho kwenye gamba la tezi hiyo, linalofanya kazi kwa saa na siku. Kwa ufahamu wa sasa, sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiagiza tezi ya pituitari, nayo huiagiza adrenali, nayo humwaga kortisoli. Kortisoli hupandisha sukari katika damu, husaidia kuhimili shinikizo la damu, hupunguza uvimbe, na huahirisha kazi zinazoweza kungoja: kukua, kuzaa, kukarabati mwili. Hatari ikipita, ubongo hupokea habari kwamba kortisoli imetosha, na agizo husitishwa. Habari yote ya msongo wa muda mrefu ni habari ya agizo lisilositishwa.

Uhusiano wa homoni hizo na maumivu ulijitokeza mapema, na ulijitokeza kinyume na matarajio. Mwaka 1941 Selye alionyesha kwamba homoni fulani za jamii ya steroidi, akiwadunga panya kwa wingi, ziliwalaza usingizi wa nusukaputi. Mwaka 1948 Philip Hench, huko Rochester, Minnesota, alimpa kortisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache mgonjwa huyo aliinuka na kutembea. Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipata tuzo ya Nobel mwaka 1950. Kwa hiyo homoni ya msongo ilikuja mikononi mwa madaktari kwanza kama dawa ya maumivu. Madhara ya kuitumia miezi na miaka, yakiwemo mifupa kudhoofika, sukari kupanda na mgonjwa kuvurugika akili, yalifahamika baadaye.

Selye alihamia Chuo Kikuu cha Montreal, cha Kifaransa, mwaka 1945, akaongoza taasisi yake hadi miaka ya 1970. Vitabu vyake vilisomwa na mamilioni. Ni haki kuongeza kwamba nyaraka za kampuni za tumbaku, zilipofunguliwa kwa umma baada ya kifo chake cha mwaka 1982, zilionyesha kuwa alipokea fedha za kampuni hizo, nazo zilimtumia kuhamisha lawama ya maradhi ya moyo kutoka kwenye sigara kwenda kwenye msongo. Doa hilo haliondoi ukweli wa panya wa 1936, lakini linaeleza kwa nini madai mapana mno kuhusu msongo yanastahili kupimwa mara mbili.

Wakati Selye akipasua panya, Wilder Penfield alikuwa akifungua mafuvu ya watu. Taasisi yake ya mishipa ya fahamu ilifunguliwa McGill mwaka 1934 kwa fedha za Rockefeller. Penfield aliwafanyia upasuaji wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, ngozi ya kichwa ikiwa imetiwa ganzi, kwa kuwa ubongo wenyewe hauna hisia ya kukatwa. Aliugusa kwa umeme kidogo hapa na pale, na mgonjwa alieleza anachokihisi: kidole kinachezacheza, ulimi unawasha, sauti ya zamani inasikika. Kwa mamia ya miguso hiyo, maumivu yalitajwa mara chache mno. Ikiwa kengele ya Descartes ilikuwamo humo, Penfield hakuipata.

Katika taasisi hiyo hiyo Brenda Milner, mwanasaikolojia mzaliwa wa Manchester, aliwapima wagonjwa wawili wa Penfield waliopoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya baada ya kuondolewa sehemu ya ndani ya ubongo upande wa sikio. Habari hizo zilimfikia daktari William Scoville wa Hartford, Marekani, ambaye mwaka 1953 alikuwa amemkata kijana mmoja sehemu hiyo pande zote mbili. Milner alisafiri kwenda kumpima. Ripoti waliyoichapisha mwaka 1957 ilithibitisha kwamba hipokampasi, kiungo kidogo kilichojipinda ndani ya ubongo, ndicho mlango wa kumbukumbu mpya. Hakuna aliyedhani wakati huo kwamba hipokampasi ina jambo lolote na tezi za Selye, ingawa Selye na Milner walifanya kazi katika jiji moja.

Njia ya tatu ilianza na mbwa. Donald Hebb, aliyeongoza saikolojia McGill, alishikilia kwamba maisha ya utotoni hujenga mitandao ya ubongo. Mwanafunzi wake Ronald Melzack, mzaliwa wa Montreal, alifuatilia mbwa wa kabila la Scottish terrier waliolelewa peke yao kwenye vizimba, bila kugongana na kitu wala kuumwa na mwenzao. Mbwa hao walipokua walipeleka pua kwenye moto wa kiberiti, wakaungua, wakarudi tena kunusa. Ngozi na neva zao zilikuwa nzima. Kilichopungua ni kujifunza maana ya kuungua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1957, na tangu hapo Melzack hakuweza tena kuyaamini maelezo ya uzi na kengele.

Miaka hiyo hiyo ilikuwa na upande wa giza ambao historia ya jiji haiwezi kuuruka. Katika hospitali ya akili ya Allan Memorial, iliyo chini ya McGill, Ewen Cameron aliwalaza wagonjwa usingizi wa dawa kwa wiki nyingi, akawapiga umeme kichwani kupita kiasi na kuwasikilizisha kanda zilizojirudia bila kikomo, kwa sehemu kwa fedha zilizotoka kwa siri katika idara ya ujasusi ya Marekani. Wengi walitoka wakiwa wamepoteza kumbukumbu za maisha yao. Mwaka 1992 serikali ya Kanada ilikubali kuwalipa baadhi yao dola 100,000 kila mmoja. Watu hao walibebeshwa msongo uliotengenezwa kwa makusudi, bila ridhaa yao, na gharama yake waliilipa hadi uzeeni.

Melzack alikutana na Patrick Wall, Mwingereza, katika chuo cha MIT, na mwaka 1965 wakachapisha katika jarida la Science nadharia ya lango. Walieleza kwamba ujumbe wa jeraha haupiti moja kwa moja kwenda ubongoni. Ndani ya uti wa mgongo kuna seli zinazoupunguza au kuuongeza, na seli hizo hupokea maagizo kutoka pande mbili: neva nene za mguso, ndiyo sababu mtu aliyejigonga hupasugua, na ubongo wenyewe unaoshusha amri kutoka juu. Baadhi ya michoro yao ya seli ilikuja kurekebishwa. Wazo kuu lilisimama: hofu, mazoea, matarajio na uchovu huingia katika maumivu kabla hayajahisiwa, wala si baada ya kuhisiwa.

Ushahidi wa amri hiyo ya kutoka juu ulikuwapo tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944, kwenye ufukwe wa Anzio nchini Italia, daktari Henry Beecher aliwauliza askari waliokuwa wamejeruhiwa vibaya kama wanataka dawa ya maumivu. Karibu robo tatu yao walisema hawaihitaji, ilhali raia wenye majeraha madogo zaidi hospitalini waliiomba. Maelezo ya kikemia yalipatikana baadaye. Mwaka 1969 ilionyeshwa kwamba kugusa kwa umeme eneo fulani katikati ya ubongo wa panya kulitosha ili apasuliwe bila ganzi. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Scotland, walitoa katika bongo za nguruwe kemikali za mwili zinazofanya kazi kama afyuni. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba mnyama anapobanwa, tezi ya pituitari humwaga kwa wakati mmoja homoni inayoamsha adrenali na endofini inayotuliza maumivu, na kwamba zote mbili hukatwa kutoka katika protini mama moja. Msongo na nafuu ya maumivu ni ndugu wa tumbo moja.

Ni nafuu ya muda mfupi tu. Dakika au saa za msongo mkali huweza kuzima maumivu ili mwili uokoke. Miezi na miaka ya msongo hufanya kinyume: amri za kutuliza hudhoofika, seli za uti wa mgongo huzoea kupiga kelele, usingizi hukatika, na mguso ambao zamani haukuuma huanza kuuma. Tofauti hiyo ya muda imewapotosha hata watafiti. Mwaka 2014 maabara ya Jeffrey Mogil, McGill, iligundua kwamba panya waliopimwa maumivu na wanaume walionyesha maumivu machache kuliko waliopimwa na wanawake. Sababu ilikuwa harufu: hata fulana iliyovaliwa na mwanamume, ikiachwa karibu, iliwatia panya msongo uliozima maumivu kwa muda. Majaribio mangapi ya dawa yalikuwa yamepindishwa na jambo hilo, hakuna awezaye kuhesabu.

Daraja kati ya tezi za Selye na hipokampasi ya Milner lilijengwa New York. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller waliwapa panya homoni ya msongo iliyotiwa alama ya mionzi, wakafuata inakokwenda. Ilijikusanya kwenye hipokampasi. Kiungo cha kumbukumbu kilikuwa pia kiungo kinachoisikia kortisoli na kusaidia kuliambia agizo likome. Miaka kumi baadaye Philip Landfield alionyesha kwamba panya wazee wenye homoni hiyo kwa wingi ndio waliokuwa na hipokampasi zilizochakaa zaidi.

Hapo Kenya inaingia katika habari hii, nayo inaingia kwa uzito. Mwaka 1978 mwanafunzi kutoka Marekani, Robert Sapolsky, alianza kufuata nyani wa porini katika eneo la Maasai Mara. Kila msimu aliwalenga kwa mshale mdogo wa dawa ya usingizi uliopulizwa kwa bomba, kisha akawahi kuwatoa damu kabla msongo wa kukamatwa haujapandisha kortisoli. Mbuga ilikuwa na chakula cha kutosha na nyani hao hawakutumia siku nzima kukitafuta. Muda uliobaki walisumbuana wao kwa wao. Madume wa vyeo vya chini, wanaonyang'anywa na kupigwa bila kujua lini, walikuwa na kortisoli ya juu hata siku za utulivu. Mpangilio wa vyeo ulipoyumba, waliokuwa juu nao walipanda. Kumbe jambo zito halikuwa cheo chenyewe, bali kuishi bila kujua kesho itakuwaje na bila pa kukimbilia.

Miaka ya 1980, katika kituo cha utafiti wa jamii ya nyani nje ya Nairobi, baadhi ya tumbili waliofugwa walikufa bila ugonjwa unaojulikana. Walikuwa wanyonge wa makundi yao, wenye alama za kuumwa na wenzao. Matumbo yao yalikuwa na vidonda na adrenali zao zimevimba, dalili za panya wa Montreal wa nusu karne iliyotangulia. Bongo zao zilipochunguzwa, seli za hipokampasi zilikuwa zimeharibika. Ripoti iliyotoka mwaka 1989 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuonyesha kwamba msongo wa kijamii, bila sumu wala sindano, unaweza kuuharibu ubongo wa mnyama aliye karibu na binadamu.

Sapolsky, pamoja na Michael Meaney wa hospitali ya Douglas mjini Montreal, alikuwa tayari ameshiriki katika jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 1988. Panya wachanga walioshikwa dakika chache kila siku na kurudishwa kwa mama walikua wakiwa wepesi kuzima jibu la msongo. Walipozeeka hipokampasi zao zilipoteza seli chache na walikumbuka njia vizuri kuliko wenzao. Baadaye Meaney alionyesha kwamba kilichofanya kazi ni mama: vichanga waliorudishwa walirambwa na kupapaswa zaidi. Malezi ya wiki za kwanza yalikuwa yameandika sehemu ya uzee.

Kwa binadamu kazi kubwa ilifanywa na Sonia Lupien. Yeye na wenzake wa Douglas na McGill waliwapima wazee wenye afya kwa miaka kadhaa mfululizo, wakichukua damu saa baada ya saa. Matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba wazee ambao kortisoli yao ilipanda mwaka hadi mwaka na kubaki juu walikuwa na hipokampasi ndogo kwa asilimia 14 kuliko wale wa kortisoli ya wastani, na walikumbuka kwa shida. Jambo la maana zaidi lilikuwa tofauti kati ya wazee wenyewe, kwani wengi hawakuonyesha mwelekeo huo. Kuzeeka kwa ubongo hakukuwa kitu kimoja kwa wote.

Wanaoyanukuu matokeo hayo kama hukumu ya mwisho wanakosea. Mbinu bora za kuhesabu seli, zilizopatikana miaka ya 1990, zilionyesha kwamba katika uzee wa kawaida seli nyingi za hipokampasi hazifi. Matawi yake ndiyo yanayopungua, na McEwen alithibitisha kwamba matawi yaliyofupishwa na msongo huweza kuota tena. Uchunguzi wa mapacha uliochapishwa mwaka 2002, mmoja akiwa amepigana Vietnam na mwenzake akiwa amebaki nyumbani, ulionyesha kwamba hipokampasi ndogo yaweza kuwapo kabla ya msiba na kumfanya mtu awe rahisi kujeruhika. Sababu na matokeo hapa hupishana njiani. Kwa upande wa matumaini, utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliwafuata wazee 120: waliotembea kwa mwendo wa haraka kwa mwaka mzima walipata hipokampasi kubwa kwa takriban asilimia mbili, huku ya wenzao ikipungua.

Mwisho njia ya maumivu ikaungana na nyingine mbili. Mwaka 2004 Vania Apkarian, huko Chicago, alipima bongo za watu wenye maumivu sugu ya mgongo na kukuta wamepungukiwa na sehemu ya kijivu kwa kiasi ambacho kwa kawaida huchukua miaka 10 hadi 20 ya kuzeeka. Mwaka 2007 kundi la Catherine Bushnell, McGill, liliona upungufu wa aina hiyo kwa wanawake wenye ugonjwa wa maumivu ya misuli mwilini kote, na likauliza wazi kama maumivu huzeesha ubongo kabla ya wakati. Mwaka 2013 watafiti wa Montreal walifunga duara: wenye maumivu sugu ya mgongo walikuwa na kortisoli ya juu, na kadiri hipokampasi ilivyokuwa ndogo ndivyo kortisoli ilivyokuwa juu. Kwa maelezo yao, hipokampasi dhaifu hushindwa kusitisha agizo, kortisoli hupanda, maumivu hukolea, nayo maumivu yenyewe ni msongo mpya. Melzack alikuwa ameandika tangu mwaka 1999 kwamba mfumo wa msongo uhesabiwe kuwa sehemu ya maumivu. Matokeo yenye faraja zaidi yalitoka McGill mwaka 2011: wagonjwa wa mgongo waliotibiwa wakapona walipimwa tena baada ya miezi sita, na gamba la mbele la ubongo lililokuwa limekonda lilikuwa limenenepa.

Mzee basi hupokea maumivu akiwa na ubongo uliobadilika kwa njia zaidi ya moja. Joto linalohitajika ili ahisi ngozi yake inauma hupanda kidogo, na shambulio la moyo lisilouma kifua hutokea zaidi katika umri huo. Wakati huo huo amri za kutuliza kutoka ubongoni hudhoofika, hivyo maumivu yakishaingia hukawia kutoka. Ndiyo maana mzee yule yule anaweza kuchelewa kuhisi jeraha jipya na bado akateswa na goti la miaka kumi.

Kuyapima maumivu hayo pia kulijifunzwa Montreal. Melzack alikusanya maneno ya wagonjwa, kuchoma, kupwita, kunyonga, kukata, na mwaka 1975 akayapanga katika dodoso la maneno 78 linalotumika hadi leo katika lugha nyingi. Mwaka huo huo Balfour Mount alifungua wodi ya wanaokaribia kufa katika hospitali ya Royal Victoria, akaipa kazi hiyo jina ambalo kwa Kiswahili huitwa tiba shufaa. Yeye na Melzack walithibitisha kwamba mofini ya maji ya kunywa peke yake inatosha, bila mchanganyiko wa dawa uliokuwa ukitumika London. Mofini ya namna hiyo ndiyo Anne Merriman aliyoianzishia huduma mjini Kampala mwaka 1993, na mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika.

Bado wapimaji wenyewe wanaweza kuwa msongo. Mwaka 2013 kundi la Lupien lilionyesha kwamba wazee waliopimwa kumbukumbu mahali pageni na kwa saa zisizowafaa walimwaga kortisoli nyingi na kukosea zaidi kuliko walipopimwa katika mazingira waliyoyazoea. Mzee aliyesafirishwa alfajiri, akakalishwa kwenye benchi hadi mchana, kisha akaulizwa kwa haraka anaumwa wapi, anajibu akiwa katika hali hiyo. Wenye ugonjwa wa kusahau huonewa zaidi: utafiti wa New York wa mwaka 2000 ulikuta kwamba waliovunjika nyonga wakiwa na ugonjwa huo walipewa theluthi tu ya mofini waliyopewa wenye akili timamu. Huko Norway, mwaka 2011, kuwatibu maumivu wagonjwa wa namna hiyo kwa utaratibu kulipunguza fujo na mahangaiko yao, ambayo kabla ya hapo yalihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa akili tu.

Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu kilirekebisha maelezo yake rasmi. Kiliandika kwamba maumivu huathiriwa na mwili, nafsi na jamii, kwamba kauli ya mtu kuhusu maumivu yake iheshimiwe, na kwamba asiyeweza kusema anaweza kuwa anaumia vile vile.